Una CDL Mpya: Namna ya Kupata Kazi ya Lori ya Kurudi Nyumbani Kila Siku Marekani

Swali linalorudi kila wiki ni moja: mwenye leseni mpya anapataje kazi ya lokali, yaani ya kurudi nyumbani kila siku? Mtu amemaliza shule ya udereva, amefaulu mtihani wa barabarani, CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya kibiashara, iko mfukoni. Hataki masafa marefu ya kulala ndani ya lori wiki tatu, kwa sababu ana watoto wadogo au mwenzake anafanya kazi za usiku. Anakaa na simu, anatuma maombi kwa kila tangazo la kazi ya lokali, na anachopata ni ukimya au sentensi fupi: tunataka uzoefu wa miaka 2. Mwezi ukiisha anahitimisha kwamba kazi za lokali zina wenyewe.

Hazina wenyewe. Amegonga milango ambayo haiwezi kumfungukia, hata wenye nyumba wakitaka.

Kinachoifunga ni bima. Kampuni inayobeba mizigo ya kawaida kuvuka majimbo inatakiwa na serikali kuu kuwa na bima ya angalau dola 750,000 ya kufidia wengine wakidhurika, na wateja wengi hudai milioni 1. Kampuni yenye malori matano haina ubavu wa kubishana na kampuni ya bima. Bima ikimkataa dereva mwenye leseni ya miezi miwili, tajiri akupende vipi, funguo hazitoki.

Kwa hiyo tafuta kampuni kubwa kiasi, ambayo biashara yake si kusafirisha mizigo ya watu. Inauza zege, soda, nyama, mbao au gesi, na lori kwake ni chombo cha kufikisha bidhaa yake. Kampuni za namna hiyo mara nyingi zina mpango wake wa bima, zinafundisha zenyewe, na kazi yake ina jasho, kwa hiyo madereva wazoefu hawaigombanii. Hapo ndipo mgeni anapoingilia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaomba popote

- CDL na cheti cha afya cha DOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani) ambacho muda wake haujaisha. Cheti hicho hudumu miezi isiyozidi 24, na daktari anaweza kukupa muda mfupi zaidi, kwa mfano ukiwa na presha.
- Cheti cha shule chenye tarehe ya kumaliza. Tangu Februari 7, 2022, anayechukua CDL ya kwanza lazima awe amefunzwa na mtoaji aliyesajiliwa kwenye Training Provider Registry, orodha ya serikali ya watoa mafunzo, na waajiri huuliza jina la shule.
- Nakala ya rekodi yako ya udereva, MVR, kutoka ofisi ya leseni ya jimbo lako.
- Akaunti ya dereva kwenye Clearinghouse ya FMCSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa malori (tutaieleza kwenye hatua ya 2).
- Historia yako ya kazi iliyoandikwa kwenye karatasi moja: jina la mwajiri, anwani, simu, mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha.
- Hati zinazoonyesha unaruhusiwa kufanya kazi.
- Viatu vya kazi vyenye ncha ngumu, kizibao chenye riflekta, glavu na tochi. Utaambiwa ghafla, "Njoo kesho saa kumi na moja alfajiri tukupime." Mtu anayefika na raba za mazoezi hurudishwa.

Ukikosa hata kimoja, kitafute kwanza. Mwajiri akikupigia simu na wewe ukaomba wiki moja ya kutafuta karatasi, nafasi hiyo atapewa aliyekuwa tayari.

## Hatua ya 1: Soma leseni yako herufi kwa herufi

Wengi hawajui leseni yao inasema nini. Class A ni ya lori na trela ambavyo kwa pamoja vimekadiriwa pauni 26,001 au zaidi, na trela lenyewe likizidi pauni 10,000. Class B ni ya gari moja la uzito huo: tipa, lori la zege, lori la taka. Ukiwa na B usijione umepungukiwa. Kazi za lokali zinazokubali B ni nyingi.

Kisha tazama herufi za vizuizi. E ina maana ulifanyia mtihani lori la otomatiki, hivyo huruhusiwi la giya za mkono. Siku hizi haikufungii milango mingi, lakini matipa ya zamani na baadhi ya malori ya zege bado yana giya za mkono. Kuiondoa kunahitaji mtihani wa barabarani mwingine. L na Z zinahusu breki za upepo na ni nzito kweli, kwa sababu malori makubwa mengi yanatumia breki hizo. O inakuzuia kuvuta trela linaloshikwa na sahani ya nyuma ya trekta, na K inakufungia ndani ya jimbo lako. Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 20, K ni ya kawaida, kwa sababu kuvuka majimbo kunahitaji miaka 21. Tafuta basi kazi ambazo lori na mzigo havitoki jimboni.

Halafu ongeza idhini. N ya matanki na T ya trela mbili unazipata kwa mtihani wa kuandika tu. Zichukue zote mbili kabla ya kuomba kazi. Watu huipuuza N wakidhani ni ya malori ya mafuta peke yake, kumbe hata trela la kawaida likibeba matangi makubwa ya plastiki yanayofikia jumla ya galoni 1,000 linaihitaji. T inakupeleka kwa kampuni za mizigo midogomidogo ya kuchanganya.

H, ya vitu vya hatari, inataka mafunzo ya nadharia, mtihani, alama za vidole na uchunguzi wa TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ianze sasa hivi huku ukiendelea na hatua nyingine. Raia na wenye green card wanaistahili, na pia wakimbizi waliopokelewa na waliopewa hifadhi. Ukiishi karibu na bandari, omba pia kadi ya TWIC, ya kuingilia maeneo ya bandari yenye ulinzi, ambayo hudumu miaka 5.

Ndugu ambao CDL zao zimeandikwa kuwa za wasio wakazi wa kudumu ("non-domiciled"), sheria zenu zilianza kubadilika mwaka 2025. Ulizeni ofisi ya leseni ya jimbo moja kwa moja, msitegemee maneno ya kwenye makundi ya WhatsApp.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja unachoruhusiwa kuendesha: "Nina Class A, otomatiki, N na T, H iko njiani." Sentensi hiyo utaitumia kwenye kila simu.

## Hatua ya 2: Hakikisha hakuna kitu kitakachokuangusha nyuma yako

Mwajiri analazimika kuangalia rekodi yako ya udereva ya miaka 3 iliyopita, na inajumuisha gari lako dogo. Faini ya mwendo kasi uliyoisahau ataiona. Isome wewe kwanza. Kukiwa na kosa lisilo lako, lalamika kwa ofisi ya leseni kabla hujaomba kazi. Kukiwa na kosa lako, lieleze mwenyewe kabla hujaulizwa. Tiketi moja hailingani na uongo mmoja kwenye fomu.

Clearinghouse ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Ni hifadhi ya serikali ya matokeo ya vipimo vya dawa na pombe, iliyoanza Januari 6, 2020. Mwajiri hawezi kukupa lori mpaka afungue rekodi yako kamili, na hawezi kuifungua mpaka wewe ubonyeze kibali ndani ya akaunti yako. Mtu asiye na akaunti anasubiri simu, mwajiri anasubiri kibali, na siku zinakatika pande zote mbili. Ukishaomba kazi, fungua barua pepe yako asubuhi na jioni.

Kuhusu kipimo cha mkojo: kinatafuta bangi, kokeini, amfetamini, dawa za jamii ya afyuni na PCP. Bangi kuruhusiwa katika jimbo lako hakukusaidii chochote, na mafuta ya CBD hayakubaliki kuwa utetezi. Miraa nayo, iite mirungi au gomba, ina kathinoni, ambayo iko kwenye kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku na serikali kuu. Dereva wa kibiashara haruhusiwi kuitumia. Wazee nyumbani waliitafuna bila kesi, lakini hapa inaweza kukupotezea leseni. Tangu Novemba 18, 2024, aliyeanguka kipimo na hajakamilisha utaratibu wa kurudi kazini huondolewa haki ya CDL na jimbo lenyewe.

Na Kiingereza. Sheria ya kumtaka dereva azungumze na kusoma Kiingereza cha kutosha ni ya zamani, lakini tangu Juni 25, 2025 mkaguzi wa barabarani anaweza kukusimamisha papo hapo ukishindwa kujibu maswali yake au kuelewa alama za barabara. Jizoeze kwa sauti: unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, umeanza kazi saa ngapi, karatasi za mzigo ziko wapi. Lafudhi yako haina tatizo lolote. Tatizo ni kukaa kimya.

## Hatua ya 3: Chagua milango inayofunguka kwa mgeni

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo kazi inapopatikana au kukosekana.

Vyakula vya mahoteli na mashule. Kampuni zinazosambaza vyakula kwa migahawa huajiri wageni mwaka mzima, na malipo yake ni mazuri kuliko kazi nyingi za lokali. Sababu ni mwili. Unaanza saa nane au saa tisa usiku, una vituo vingi, na kila kituo unashusha maboksi kwa toroli ya magurudumu mawili kwenye ngazi ya trela iliyolowa, ukiingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mamia ya maboksi kwa siku. Miezi ya mwanzo watu huacha kwa sababu ya magoti na mgongo. Kwa maoni yangu huu ndio mlango bora kwa kijana mwenye afya, kwa sababu vichochoro vya mjini vitakufundisha rivasi ambayo barabara kuu haitakufundisha kamwe. Kama una mgongo mbovu, usiusogelee.

Vinywaji. Inafanana na vyakula, vituo ni vifupi zaidi, na nyingine zinaanza kwa kukuweka msaidizi wa dereva. Kubali usaidizi huo ukiahidiwa kwa maandishi lini utapewa usukani.

Zege. Class B inatosha. Kampuni huanza kuajiri majira ya baridi yakielekea mwisho, ili madereva wawe tayari ujenzi unapoanza. Zege halisubiri: desturi ya siku nyingi ni limwagwe ndani ya dakika 90 tangu lichanganywe na maji, kwa hiyo kuna presha ya saa. Hatari kubwa ni kupinduka, maana pipa lililojaa liko juu na linazunguka. Pinda taratibu kuliko unavyodhani ni taratibu. Katika majimbo yenye theluji uliza wazi kama watu hupumzishwa miezi ya baridi.

Taka. Watu hudharau, na kwa kuidharau wanaacha kazi yenye bima ya afya na ratiba isiyobadilika. Malori mengi sasa yana mkono wa mashine unaonyanyua mapipa, dereva hashuki kila nyumba. Yale ya kubeba makasha makubwa ya chuma ya ujenzi yanafundisha usahihi mwingi.

Jiji na kaunti. Idara za barabara na maji zinahitaji madereva wa matipa na malori ya kusukuma theluji. Maombi yanachukua muda mrefu na fomu ni nyingi, ila wanafundisha, na mafao yake ni ya serikali. Tuma leo, kisha endelea kutafuta kwingine huku ukisubiri.

Vifaa vya ujenzi. Mbao, mabati, bodi za jasi, vigae vya paa. Utafunga mizigo kwa mikanda na minyororo, na pengine utafundishwa foko (forklift) inayobebwa nyuma ya lori.

Gesi ya kupikia na kupasha nyumba joto. H na N ni lazima. Uajiri huongezeka kabla ya baridi, kwa hiyo anza kupiga simu kiangazi kikiwa bado hakijaisha.

Mizigo midogomidogo. Kampuni kubwa za aina hii zinalipa vizuri sana kwa lokali. Baadhi zinakuanzisha ghalani ukipakia kwa foko, kisha zinakupandisha kwenye lori. H, N na T zinahesabika hapa kuliko mahali pengine popote.

Kuhamisha matrela ndani ya yadi. Siku nzima ni kushika trela, kuliingiza kwenye mlango wa ghala, kuliachia, kushika jingine. Malipo ni ya chini, lakini baada ya miezi kadhaa hakuna wa kukufundisha rivasi.

Mlango ambao mgeni anapaswa kuuendea kwa tahadhari ni makontena ya bandarini. Zipo kampuni nzuri. Zipo pia nyingi zinazomtaka mgeni anunue au akodi lori kwa mkopo wa kampuni ileile inayompa kazi, na deni likishaanza hana pa kukimbilia. Usisaini mkataba wa kununua lori ukiwa na leseni mpya. Hilo nalisema bila kusita kwa mtu yeyote.

## Hatua ya 4: Tengeneza orodha yako mwenyewe

Usianze na tovuti kubwa za ajira. Siku ya kazi, zunguka maeneo ya viwanda na maghala kwa gari lako na utazame milango ya malori. Pameandikwa jina la kampuni na namba ya USDOT, yaani namba yake ya usajili kwa serikali kuu. Andika yote mawili, hata kama hakuna bango la kutangaza kazi.

Jioni ingiza namba hizo kwenye tovuti ya SAFER ya serikali, ambayo ni bure. Utaona kampuni ina malori na madereva wangapi, imekaguliwa mara ngapi, imepata ajali ngapi, na asilimia ngapi ya malori yake yalisimamishwa barabarani, pembeni yake wastani wa taifa. Mambo mawili yanakuhusu. Kampuni yenye malori machache sana, bima yake huenda ikakukataa. Na kampuni ambayo malori yake yanasimamishwa kuliko wastani kwa kiasi kikubwa itakukabidhi lori bovu, kisha kosa litaandikwa kwenye rekodi yako ya ukaguzi.

Ukitafuta mtandaoni, tafuta kwa jina la bidhaa, kwa Kiingereza cha kazi yenyewe: "ready mix driver", "food service delivery", "roll off", "yard hostler", "dock to driver", "propane delivery". Ukiandika "truck driver" tu utazama kwenye matangazo ya masafa marefu. Kisha omba kupitia tovuti ya kampuni yenyewe, kwa sababu matangazo mengi ya watu wa kati yanakusanya tu namba za simu.

Tangazo likisema uzoefu wa mwaka 1 "unapendelewa", omba. Likisema "unahitajika", piga simu uulize kama wana mafunzo kwa waliomaliza shule. Likisema miaka 2 inahitajika na bima, pita.

Orodha nzuri ina kampuni ishirini hivi zilizo ndani ya umbali unaoweza kuendesha saa nane usiku kila siku bila kuchoka. Umbali huo ni muhimu. Saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi juu ya zamu ya saa 12 inamaliza usingizi.

## Hatua ya 5: Omba, kisha jitokeze

Jaza fomu kwa kunakili ile karatasi yako ya historia. Sheria inataka kazi za miaka 3, na kama umewahi kuendesha gari la kibiashara, miaka 7 mingine nyuma yake. Miezi usiyofanya kazi usiifiche. Andika ulikuwa shule, ulikuwa kambini, ulikuwa unalea mtoto. Tarehe zikitofautiana kati ya fomu mbili, mkaguzi wa maombi hudhani unaficha jambo. Kama uliendesha fuso au semi Afrika Mashariki au Kongo, andika na ueleze njia ulizopita. Bima ya hapa mara nyingi haihesabu, ila msimamizi wa madereva anayeelewa kazi ataiona thamani yake.

Siku inayofuata nenda mwenyewe, Jumanne hadi Alhamisi, katikati ya asubuhi malori yakiwa yameshatoka. Jumatatu na Ijumaa kila mtu anazima moto. Usimwombe wa mapokezi kazi, mwombe jina la msimamizi wa usafirishaji. Ukimpata, mpe ile sentensi yako ya hatua ya 1, mwambie umeshajaza fomu, na uongeze jambo moja ambalo yeye analitaka: kwamba saa nane usiku hazikusumbui, au kwamba unajua ni kazi ya kubeba na umeshafanya kazi ghalani. Dakika tatu zinatosha. Acha karatasi yako na uondoke.

Kampuni nyingine zitasema kila kitu ni mtandaoni. Sawa, shukuru, lakini jina la msimamizi umeshalipata. Piga baada ya wiki moja, umwite kwa jina.

Usilegee kwa muda mrefu, maana cheti cha shule huchacha. Mtu aliyekaa miezi kadhaa bila kugusa usukani huambiwa arudie mafunzo. Kama wiki sita za bidii ya kweli zimepita bila hata mwito mmoja wa kupimwa, punguza masharti yako: yadi, usaidizi wa dereva, kazi za muda kupitia mawakala wa ajira za CDL, au njia za kikanda ambazo unarudi nyumbani mwisho wa wiki. Mwaka mmoja wa masafa, ukiwa hauna ajali, unafungua karibu kila mlango wa lokali. Ni uamuzi wa familia, uamueni pamoja mezani kabla hujamwambia mwajiri ndiyo.

## Hatua ya 6: Faulu jaribio la kampuni

Mwito wa jaribio unamaanisha karatasi zako zimepita. Sasa wanataka kuona mikono yako.

Ukaguzi wa kabla ya safari ufanye kwa kugusa na kutaja, usipitishe macho tu. Kwenye breki za upepo wanatarajia namba. Injini ikiwa imezimwa na breki imekanyagwa, upepo usipungue zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) kwa dakika kwa lori peke yake, au psi 4 likiwa na trela. Ukiendelea kukanyaga na kuachia, kengele ilie kabla hujashuka chini ya psi 55, na vifundo vya breki ya kuegesha vijitokeze vyenyewe kati ya psi 20 na 45.

Barabarani, mpimaji hatafuti ubingwa. Anatazama kama unaacha nafasi mbele, kama macho yanarudi kwenye vioo, na kama unajua trela linakata kona kwa ndani.

Kwenye rivasi, simama, vuta breki ya kuegesha, shuka ukaangalie. Panda na kushuka ukiwa na sehemu tatu za mwili zimeshika lori. Wageni huona haya kushuka mara mbili, wakiogopa kuonekana hawajui. Ni kinyume chake. Mpimaji anayejua kazi humwogopa mgeni anayerudi nyuma moja kwa moja bila kuangalia, kwa sababu anafikiria ukuta wa mteja. Ukienda vibaya, sogea mbele ujipange upya kabla trela halijapinda sana.

Jaribio limekwenda vizuri mpimaji akianza kukueleza ratiba na njia, badala ya kukueleza makosa.

## Hatua ya 7: Isome ofa kabla ya furaha

Uliza kwanza: W-2 (fomu ya kodi ya mwajiriwa) au 1099 (ya mkandarasi wa kujitegemea)? Mtu anayeendesha lori la kampuni, kwa ratiba ya kampuni, ni mwajiriwa. Akiitwa mkandarasi wa 1099, anabeba kodi zote mbili za Social Security na Medicare, hana fidia ya kuumia kazini, na mara nyingi hana bima ya afya. Kataa. Kama umeshaingia, IRS, mamlaka ya kodi, ina fomu ya SS-8 ya kuomba hadhi yako iamuliwe.

Overtaimu usiichukulie kuwa ya lazima. Sheria ya shirikisho ina msamaha unaowahusu madereva wengi wa malori yanayozidi pauni 10,000 wakiwa kwenye biashara ya kati ya majimbo, hata kama wao wenyewe hawavuki mpaka. Kampuni nyingi za lokali hulipa hata hivyo. Uliza inaanza baada ya saa ngapi, na ipate kwa maandishi.

Uliza pia saa halisi za wiki iliyopita. Kurudi nyumbani kila siku si sawa na kurudi mapema. Chini ya msamaha wa safari fupi, dereva anayebaki ndani ya maili 150 za anga, yaani kilomita 278 hivi, na kurudi alikoanzia ndani ya saa 14, hahitaji kujaza kitabu cha saa cha kila siku. Kampuni inabaki na kumbukumbu yako ya kuingia na kutoka. Kazi nyingi za lokali zinatumia msamaha huo, na saa 12 au 13 ni jambo la kawaida. Ukizidisha muda au umbali siku moja, siku hiyo unajaza kitabu. Ikizidi siku 8 ndani ya siku 30, kifaa cha ELD, kinachorekodi saa zako chenyewe, kinahitajika. Kampuni inayokwambia "wewe endesha tu, sisi ni lokali" haijui sheria, au inaijua na inakutumia vibaya.

Mwisho, soma kifungu cha mafunzo. Kama utadaiwa gharama ukiondoka mapema, ujue ni kiasi gani na kwa miezi mingapi kabla kalamu haijagusa karatasi.

## Hatua ya 8: Siku 90 za kwanza

Kinachomfukuzisha mgeni kazi ni vigongo vidogo: kioo cha gari la mteja, nguzo ya manjano, paa la mlango. Trela la kawaida lina urefu wa kwenda juu wa futi 13 na inchi 6, na ramani ya simu haijui hilo. Nunua GPS ya malori, na bado usome bango la kila daraja. Usiingie kwenye uwanja ambao hujui utatokaje. Egesha barabarani, tembea kwa miguu uangalie, kisha rudi.

Ukigonga kitu, hata kikiwa kidogo, piga simu kwa msimamizi papo hapo na upige picha. Aliyetoa taarifa mara nyingi hupewa onyo, na aliyeondoka kimya hufukuzwa kamera zikishaangaliwa.

Anza daftari lako siku ya kwanza: tarehe, aina ya lori, urefu wa trela, mzigo, saa ulizoendesha. Hifadhi kila hati ya malipo na kila karatasi ya ukaguzi wa barabarani, hasa uliotoka safi. Ukaguzi wa miaka 3 na ajali za miaka 5 huonekana kwenye ripoti yako ya PSP, ambayo unaweza kuinunua mwenyewe kwa dola 10. Iagize kabla mwaka haujaisha. Ukikuta kosa, lipinge kupitia mfumo wa DataQs wa FMCSA, ukiambatisha karatasi ulizohifadhi, kabla hujaanza kupiga simu kwa zile kampuni zilizotaka uzoefu wa mwaka 1.